Pole Ambayo Guka Hakuisema

Guka wangu alikunywa chai ya Gatundu. Naanzia hapo kwa sababu kwetu nyumbani hakuna anayeanzia hapo. Hadithi ya guka, yaani babu yangu mzaa baba, kwetu huanza na reli: kijana wa Murang'a aliyekuja Nairobi miguu mitupu, akaajiriwa kwenye karakana ya reli, akasomesha watoto saba na kujenga nyumba ya mawe. Ndivyo ilivyosomwa kwenye mazishi yake mwaka wa 2006, kutoka kwa ile karatasi ya wasifu ambayo kila familia huchapisha. Chai haikutajwa. Omera pia hakutajwa.

Aliniambia mimi, Novemba 2005, wiki ya kura ya maoni ya katiba, ile ya ndizi na chungwa. Nilikuwa na miaka ishirini na siasa zilikuwa zimenijaa hadi kooni. Nilikuwa nimesema jambo baya kuhusu "watu wa machungwa", jambo ambalo hata sasa sitaki kuliandika. Guka alikuwa ameketi nje juani, redio mapajani. Akaizima.

"Wewe unamjua Omera?" akaniuliza.

Nilimjua kwa jina tu. Kwenye picha moja ya zamani, guka amesimama kando ya mwanamume mrefu mwenye ovaroli, wote wawili wamekunja mikono kama wachezaji wa timu. Omera si jina. Ni neno la Kijaluo la kumwita mtu ndugu, rafiki, jamaa yangu. Guka alimwita hivyo, naye akamwita guka Murata, ambalo ni rafiki kwa Kikuyu. Kila mmoja alikuwa amechukua neno moja kutoka kwa lugha ya mwenzake, na hilo moja liliwatosha.

Walikutana karakana mapema miaka ya hamsini. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi wa Mwingereza waliuzingira mji wa Nairobi katika ile operesheni waliyoiita Anvil. Lengo lilikuwa kuwaondoa mjini Wakikuyu, Waembu na Wameru, na zaidi ya watu 20,000 waliishia vizuizini. Watu walipangwa foleni wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa, umekwenda. Guka alitikisiwa kichwa. Akapelekwa Manyani.

Omera alibaki kazini. Kwa hesabu ya Mwingereza, huo ulikuwa wakati wake wa kuneemeka: Wakikuyu wameondoka, nafasi zimebaki wazi, vyumba vimebaki wazi. Omera alichofanya ni kuchukua sanduku la vifaa la guka na kulisukuma chini ya kitanda chake. Guka aliporudi mwaka wa 1957, sanduku lilikuwa pale. Alilifungua akahesabu. Hata spana moja haikupungua.

"Alikuwa amezipaka mafuta zisishike kutu," guka aliniambia. "Miaka mitatu, anampakia mafuta mtu ambaye hajui kama atarudi."

Nasimulia haya kwanza kwa sababu tumezoeshwa kuamini kwamba chuki kati ya makabila yetu ni ya tangu na tangu, kama mvua na kiangazi. Historia haikubali. Mtu aliyepaza sauti kutetea wafanyakazi waliokamatwa katika Anvil alikuwa Tom Mboya, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akiongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Kwao ni Rusinga, lakini alizaliwa Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake, akakua akiongea Kikamba na Kikuyu pamoja na Kijaluo chake. Mwaka wa 1961 aligombea ubunge Nairobi Mashariki dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki. Wapiga kura wengi pale walikuwa Wakikuyu, na Waiyaki alikuwa Mkikuyu. Mboya alishinda kwa kishindo. Guka alimpigia kura. Omera alimpigia kura. Walipanga foleni moja, na foleni hiyo haikuwa na gunia mbele yake.

Miaka minane baadaye, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, karibu saa saba mchana, Mboya alitoka kwenye duka la dawa la Chhani, Government Road, akapigwa risasi. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Katibu Mkuu wa KANU. Alikuwa na miaka 38. Barabara hiyo leo ni Moi Avenue na sanamu yake imesimama hapo tangu 2011. Mimi hupita kando yake karibu kila siku nikienda kupanda matatu. Watu hupiga picha, wachuuzi huegemea ukingo wake, njiwa hufanya mambo ya njiwa.

Habari ziliwafikia Muthurwa kwa redio. Omera hakusema kitu. Alivua kofia, akaanza kutembea kuelekea mjini, na guka akamfuata. Jumanne, tarehe 8, walikuwa pamoja nje ya kanisa la Holy Family wakati wa misa ya wafu. Umati ulipouona msafara wa Rais, ulilipuka. Mawe yaliruka, polisi wakajibu kwa vitoa machozi. Guka alikumbuka kwamba Omera alilowesha leso yake mahali fulani, akaichana vipande viwili, akampa kimoja.

"Hiyo leso," guka alisema, "ndiyo kitu cha mwisho tulichogawana."

Mwuaji aliyeshtakiwa, Nahashon Njenga Njoroge, alikuwa Mkikuyu. Alihukumiwa, akanyongwa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Inasemekana alipokamatwa aliwauliza polisi kwa nini hawamwendei yule mkubwa. Mkubwa yupi, hakuna aliyetuambia hadi leo. Nilipokuwa shule, kitabu chetu kilisema tu kwamba Mboya "aliuawa". Mwalimu wetu wa Kiswahili alipenda kutukumbusha kwamba kauli ya kutendwa inaruhusu kumwacha mtenda nje ya sentensi. Hakuwa akifundisha siasa. Lakini historia ya Kenya huru imeandikwa kwa kauli hiyo: Pinto aliuawa 1965, Mboya aliuawa 1969, J.M. Kariuki aliuawa 1975, Ouko aliuawa 1990.

Kisha lori zikaja.

Wazee wanaojua huita "kunywa chai". Baada ya kifo cha Mboya, viongozi walihofu kwamba Wajaluo na wengine wangeungana kuiondoa serikali kupitia kura. Kwa hivyo wakati wa miezi ile Wakikuyu kwa maelfu walibebwa hadi Gatundu, nyumbani kwa Kenyatta, kula kiapo. Ukiulizwa unakwenda wapi, unaenda kwa Mzee kunywa chai. Wako waliokwenda kwa hiari, wako waliosukumwa, wako waliokataa wakapigwa. Baadhi ya viongozi wa makanisa, Wakikuyu wenyewe, walisimama wakapinga hadharani, na kelele hizo zilichangia kuisimamisha shughuli yenyewe.

Guka hakupinga. Lori ilisimama karibu na nyumba za reli usiku, wakaitwa majina, akapanda.

Nilimuuliza nini kilifanyika huko ndani. Akakataa kusema. Miaka thelathini na sita ilikuwa imepita, Kenyatta amekufa, Moi amekuja na kuondoka, na mzee wa miaka sabini na tano bado alikuwa akiogopa kikombe. Alikubali tu kuniambia alichoapa: kwamba uongozi hautatoka nyumba ya Mumbi.

"Kwa hivyo uliapa kuwachukia Wajaluo," nikasema, maana nilikuwa kijana na nilitaka mambo yawe wazi.

"Hapana. Hakuna aliyetaja chuki. Tuliambiwa tuogope. Ukishamwogopa mtu, hiyo nyingine utajifundisha mwenyewe, hakuna haja ya mwalimu."

Nimeyafikiria maneno hayo zaidi ya kitu chochote nilichowahi kusoma kuhusu binadamu. Mtu mwenye chuki unaweza kumwona kwa mbali. Mtu mwenye hofu hafanani na mbaya. Anafanana na baba anayefunga mlango usiku.

Omera alijua. Mtaa mzima ulijua nani alipanda lori. Siku chache baadaye walikutana kwenye mfereji wa maji, Omera akacheka kidogo, akasema, "Murata, naskia mlikunywa chai tamu sana huko." Guka naye akacheka. Hakuna kilichoongezwa. Lakini tangu siku hiyo Omera hakunywa tena chai nyumbani kwa guka. Cucu akimkaribisha, alikuwa ametoka kunywa sasa hivi. Kila mara alikuwa ametoka kunywa sasa hivi.

Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo watu wa pale bado wanaiita Russia. Wafuasi wa Oginga Odinga walipiga kelele, Mzee akawatukana jukwaani mbele ya watoto wa shule, na wakati msafara ukiondoka walinzi walifyatua risasi kwenye umati. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wengi huamini walikuwa zaidi. Siku tano baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku, na Odinga mwenyewe akawekwa kizuizini. Hospitali ilifunguliwa kwa maiti, na Kenyatta hakukanyaga tena Nyanza hadi alipokufa 1978.

Jumapili, guka aliposikia, alivaa koti. Kutoka mlango wake hadi kwa Omera ilikuwa hatua ishirini hivi. Mila za Kikuyu na za Kijaluo zinatofautiana katika mengi, lakini zote mbili zinajua kwamba jirani akifiwa unakwenda. Huhitaji hotuba. Unaketi, unasema pole, unanyamaza naye. Guka alifika katikati ya uwanja akasimama.

"Nilikuwa na pole," akaniambia. "Ilikuwa hapa." Akajigusa koo. "Lakini ilikuwa itoke kwenye mdomo ule ule."

Akageuka, akarudi ndani. Omera alihamishwa karakana ya Kisumu mwaka uliofuata. Hawakuonana tena.

Hilo ndilo ninalotaka kusema, na nimelizunguka sana. Tunapohesabu hasara za siasa zetu tunahesabu maiti, na hata hizo hatukubaliani ni ngapi. Kuna hasara nyingine isiyoingia kwenye ripoti ya tume yoyote. Mauaji hufanywa na wachache, kwa amri ya wachache zaidi. Lakini baada yake inatakiwa kazi ya pili, ya kuhakikisha jirani hamwambii jirani pole, na kazi hiyo hawawezi kuifanya wao. Lazima tuifanye sisi. Guka hakumuua Mboya. Hakufyatua risasi Kisumu. Alirudi tu ndani akafunga mlango. Nchi iliyobaki ilijengwa na watu waliorudi ndani wakafunga mlango.

Ingekuwa rahisi kumhukumu, lakini miaka miwili baada ya kuniambia, zamu yangu ilifika.

Januari 2008 tulikuwa tukiishi Eastlands, kwenye ploti ya vyumba kumi na sita. Uchaguzi ulikuwa umeharibika. Tarehe mosi, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilikuwa limechomwa na Wakikuyu, wengi wao wanawake na watoto, wakiwa ndani. Kisumu na Kibera polisi walikuwa wakiua vijana. Kila upande ulikuwa na maiti wake wa kuonyesha, na kila maiti alitumiwa kama sababu ya kutomtazama maiti wa upande ule mwingine. Mwishowe Tume ya Waki ilihesabu waliokufa 1,133.

Kwenye ploti yetu hakufa mtu. Walikuja vijana jioni, wakiwa na karatasi ya majina ya wapangaji, wakasema Wajaluo waondoke kabla ya saa nne. Chumba namba tisa kulikuwa na rafiki yangu. Tulisoma naye, tulikalia dawati moja kuanzia darasa la tano, ndiye aliyenifundisha hesabu za sehemu. Alitoka akiwa amebeba godoro kichwani, mamake nyuma yake na sufuria. Alipopita mbele yangu aligeuza uso kunitazama. Mimi nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimevaa slipa.

Sijui kama aliona. Nadhani aliona. Sijawahi kumtafuta, ingawa siku hizi kumtafuta mtu ni kuandika jina lake kwenye simu. Nami sikuwa nimekunywa chai yoyote. Hakuna aliyenipeleka Gatundu usiku. Hilo ndilo lililonishtua nilipoanza kulikubali: kiapo kilikuwa kimenifikia bila kiapo, kama vile mtoto anavyorithi namna ya baba yake ya kukohoa.

Yaliyofuata unayajua. Mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari, mikono ikashikwana hatua chache tu nje ya ofisi ya Rais. Kesi za Hague, ambazo moja iliondolewa 2014 na nyingine ikasambaratika 2016. Washukiwa wawili kutoka pande mbili za vita vya Bonde la Ufa wakaungana 2013 wakashinda, na mwaka huo huo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikamkabidhi Rais mpya ripoti yake, ambayo Bunge halijawahi kuipitisha. Tukaambiwa tusonge mbele. Wakubwa husameheana haraka kwa sababu wao hawana cha kusamehe. Hawakupoteza kitu. Mama wa godoro na sufuria hakuitwa kwenye maridhiano yoyote.

Kisha ukaja Juni 2024, na kwa mara ya kwanza nikadhani ugonjwa umepata watoto wasioambukizika.

Mwana wa dada yangu alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa akisomea ufundi wa umeme. Nilimlea nusu, maana babake hakukaa. Mswada wa Fedha ulipoletwa, yeye na wenzake walikuwa wakiusoma kwa simu kifungu kwa kifungu, wakinieleza mimi, mtu mzima mwenye kazi, ushuru wa mkate utakavyofanya kazi. Waliimba kwamba hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Nilimwambia, kwa ile sauti ya watu wa umri wangu, kwamba kila mtu Kenya ana kabila, subiri tu. Akacheka. "Anko, hiyo ni ya kwenu."

Jumanne, tarehe 25 Juni, aliondoka asubuhi na bendera, chupa ya maji, na dawa ya meno ya kupaka chini ya macho. Alasiri wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106. Vijana wakaingia Bunge. Risasi zikapigwa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi, lakini mswada ulikuwa umekwisha kulipiwa. Kufikia mwisho wa mwaka tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 60 katika maandamano ya miezi ile.

Tulimpata siku ya pili, mochari. Risasi iliingilia mgongoni. Sitaandika zaidi kuhusu chumba hicho. Nitasema tu kwamba dada yangu alimfunga vifungo vya shati yeye mwenyewe, na kwamba alikosea, akaanza upya kutoka chini, na mhudumu akasubiri bila kusema neno. Faili, tuliambiwa, inashughulikiwa. Bado inashughulikiwa.

Aliyetupigia simu ile jioni ni kijana mmoja waliyekutana naye siku hiyo hiyo. Ndiye aliyemwinua kutoka barabarani, akavua fulana yake kuzuia damu, akambeba na wengine watatu hadi penye gari la msaada. Alikuja kwenye matanga akiwa amevaa fulana mpya, ile ya kwanza haikufaa tena. Akasimama mlangoni, hamjui mtu yeyote, akasema, "Mathe, pole. Nilijaribu."

Dada yangu akamshika mikono yote miwili. Kisha akamtilia chai, naye akanywa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona na nilihisi kitu kikinipanda kifuani, maana kijana huyo kwao ni Siaya. Hatua ishirini ambazo guka alishindwa kutembea, mtoto huyu alikuwa amezitembea bila hata kujua zipo. Tangu hapo huja kila tarehe 25 ya mwezi, au Jumapili iliyo karibu. Humletea dada yangu ndizi, hutengeneza stima ikisumbua. Dada humwita mwanangu.

Natamani ningekomea hapo. Lakini siasa hazikukomea hapo. Serikali ilipotikisika ilifanya inachojua: iliwaita wakubwa wa upinzani mezani, ikawagawia wizara, na pole pole watu wakarudishwa kwenye mazizi yao. Naibu Rais aliyekuwa akiringia kwamba serikali ni kampuni yenye wenye hisa, akaondolewa Oktoba 2024, na ghafla mlimani tukaambiwa tumedhulumiwa kama kabila. Nyanza nao wakaambiwa sasa ni zamu yenu, msiharibu. Nikaanza kusikia, hata kutoka kwa waliopoteza watoto, sentensi zinazoanza na "hawa watu". Maji yalikuwa yamewekwa motoni tena.

Tarehe 15 Oktoba 2025 Raila Odinga alikufa nchini India. Kesho yake maelfu waliupokea mwili wake uwanja wa ndege, wengine kwa miguu, wakaandamana nao hadi Kasarani. Kule Kasarani polisi walifyatua risasi na vitoa machozi, na waombolezaji wakafa. Watu waliokwenda kulia walirudi nyumbani wakililiwa.

Nilikuwa nikitazama kwa simu, huku nikijaribu kumpigia yule kijana. Hapatikani. Hapatikani. Wakati huo huo kwenye kikundi cha familia kwenye WhatsApp, binamu yangu akaandika utani kuhusu moshi na samaki. Vikafuata vicheko, vile vya uso wa manjano unaotoa machozi. Nikahesabu saba. Wawili kati yao walikuwa wamebeba jeneza la mtoto wetu.

Nilishika simu kwa muda mrefu. Nilijua ninachopaswa kufanya, na nilijua pia namna ya kuinama. Kisha nikaandika: "Guka alikunywa chai ya Gatundu mwaka wa 1969. Rafiki yake alimtunzia vifaa miaka mitatu, na yeye akashindwa kumwambia pole. Aliniambia mwenyewe. Wacheni."

Kikundi kikanyamaza. Baada ya dakika chache baba yangu mdogo akanipigia.

"Kwa nini unamvua guka nguo mbele ya watoto?"

"Baba, aliniambia ili nisi—"

"Na wao? Kiambaa umeisahau? Nani alituambia pole kwa ajili ya Kiambaa?"

Sikuwa na jibu, na sitajifanya nilikuwa nalo. Baba mdogo hakosei. Wale mama wa Kiambaa waliungua kweli, na kesi yao imelala kama ya mwanetu. Pole wanayodaiwa ni kubwa. Nilichoweza kumwambia ni kwamba nayo ile wameinyimwa kwa njia hii hii: kila mmoja wetu amesimama katikati ya uwanja, amevaa koti, anangoja mwenzake aanze. Akakata simu. Hatujaongea vizuri tangu siku hiyo, na mazishi yakitokea kwetu tunakaa mabenchi tofauti. Hiyo ndiyo bei niliyolipa, nayo ni ndogo.

Kijana alipatikana saa tatu usiku. Alikuwa amekimbia, amepoteza kiatu kimoja, yuko salama. Jumapili alikuja kwa dada yangu, ingawa tarehe 25 ilikuwa bado. Niliingia nikamkuta ameketi pale pale anapoketi siku zote, chini ya picha ya mwanetu. Niliketi kando yake.

"Pole," nikamwambia. "Pole kwa Baba. Na pole kwa wale wa Kasarani."

Akaitikia kwa kichwa, macho kwenye sakafu. Kisha nikamsimulia yote niliyokusimulia wewe: gunia, sanduku, leso, lori, mfereji wa maji. Na slipa. Dada yangu alikuwa ameegemea mlango wa jikoni. Hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia. Kijana alisikiliza hadi mwisho.

"Na guka alijuta?" akauliza.

Hilo nimejiuliza mara nyingi. Ukweli ni kwamba sijui. Aliniambia hadithi hiyo, na siku ya kura alivaa koti, akaenda, akapiga kura kama mlima mzima ulivyopiga. Huenda kunisimulia ndiko kulikuwa kujuta kwake. Huenda alikuwa tu mzee aliyetaka kutua mzigo, na akautua kwangu kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Sijui," nikasema. "Alikuwa bado anaogopa."

Akafikiri. Dada yangu akamwekea kikombe mbele yake. Akakitazama, akaniangalia mimi kwa upembe wa jicho, akauliza, "Anko, hii ya leo iko sawa? Haina kiapo?"

Dada yangu ndiye aliyeanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka ndani ya nyumba hiyo kwa mwaka mmoja na miezi minne.

Giza lilipoingia nilimsindikiza hadi steji. Kwenye ukuta wa ploti ya jirani mtu alikuwa amekwisha kubandika picha ya mgombea, 2027 imeandikwa chini kwa rangi nyekundu, ingawa miaka bado. Hatukusema kitu kuihusu. Matatu ilipokuja nilimlipia nauli, akakataa, nikamlazimisha, akakubali.